Mkono Chini ya Shuka

Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Barkhurdar Wattoo aliingia katika duka la magari mapya lililoko barabara ya Depalpur, mjini Okara, amebeba begani gunia la mashudu ya pamba ambalo ndani yake hamkuwa na mashudu. Mlinzi wa mlangoni alimwambia kwamba chakula cha mifugo kinauzwa upande wa pili wa barabara. Barkhurdar alimshukuru, akasema anajua, maana gunia alilipata hukohuko, kisha akampita. Nyuma yake alikuja mkewe, Sughran, ambaye hakumtazama mlinzi wala magari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa chini ya kiyoyozi, akakaa, akavua kiatu kimoja.

Ndani ya gunia mlikuwa na rupia laki ishirini na tisa na nusu. Hadi wiki iliyotangulia zilikuwa nyati wa maziwa kumi na mmoja.

Sughran alikuwa hajakanyaga kwa kaka yake, ng'ambo ya mto Sutlej, kwa miaka ishirini na miwili. Kaka huyo, Allahyar wa Minchinabad, alisema siku moja mbele ya wakwe, sahani ya pilau mkononi, kwamba shemeji yake atanunua gari siku nyati wake watakapotaga mayai. Wakwe wakacheka. Sughran akanawa mikono, akapanda mkokoteni wake, akaapa kwamba hataingia tena katika ua ule ila kwa gari, tena jipya. Allahyar, kwa kuwa ni wa damu ileile, hakuomba radhi. Sasa mjukuu wake alikuwa anaolewa Alhamisi, na yeye mwenyewe alikuwa na moyo ambao daktari alikuwa ameukataza ngazi, nyama nyekundu na ubishi. Kwa hiyo ilikuwa Alhamisi hii, au pengine basi tena.

Muuzaji aliitwa Hammad, mtu mnene, mpole, mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu. Aliwapa chai na sahani ya biskuti, akamsifia Barkhurdar kilemba. Barkhurdar alimwonyesha gari dogo jeupe lililokuwa karibu na dirisha, akafungua mdomo wa gunia kidogo, kiasi cha noti kuonekana, akauliza mwenye kulipa taslimu anapunguziwa ngapi. Kwa miaka thelathini na minane katika mnada wa mifugo wa Depalpur alikuwa ameona jambo moja tu: mwenye pesa mkononi hupewa bei nzuri na kiti, na anayesema atalipa baada ya mavuno hutajiwa bei ya kumfanya atafute kiti mwenyewe.

"Ami, kwa taslimu hakuna punguzo," alisema Hammad. "Bei ni laki thelathini na moja, na gari linakuja baada ya miezi minne. Ukilitaka leo, kuna nyongeza ya laki mbili ya kuruka foleni. Lakini ukichukua kwa mkopo, lile jeupe unaondoka nalo leo, nakupunguzia laki mbili, na mazulia ya miguuni ni zawadi."

Barkhurdar alimwomba arudie. Hammad akarudia, pamoja na zulia.

"Yaani mwenye pesa anasubiri, na asiye nazo anapewa mpaka zulia."

"Ndivyo ilivyo, ami."

"Na huyo asiye nazo, mwisho wa yote analipa ngapi?"

Hammad alisema analipa kidogo kidogo. Barkhurdar akasema hakuuliza analipaje, ameuliza ngapi. Hammad akakiri kwamba ni laki arobaini na tatu, ila kwa miaka mitano, na miaka mitano si kesho. Akaongeza kwamba hiyo si riba hata kidogo, ni kodi: benki inalinunua gari, kisha inampangisha mteja.

"Mimi nikikupangisha nyati, mwanangu, anakamuliwa nyati. Hapa naona anakamuliwa mpangaji."

Sughran, akiwa palepale kitini, alisema, "Baba Tahira, weka shuka. Mdomo wa huyu utatuchelewesha."

Mnadani bei haisemwi kwa mdomo, kwa sababu waliosimama pembeni wana masikio. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: kidole kimoja laki moja, kiganja kizima laki tano, kukwaruza kiganja ni nusu. Barkhurdar alivua shuka ya begani, akaitandaza mezani, akaingiza mkono. Hammad aliitazama kamera ya ukutani, kisha naye akaingiza wake. Marehemu babu yake alikuwa dalali wa ngamia, na vidole vyake vilielewa kabla yeye mwenyewe hajaelezwa.

Barkhurdar alimbana kidole kimoja na kumkwaruza kiganja. Punguzo la laki moja na nusu, gari leo, taslimu. Alihisi mkono wa Hammad unalegea kama mkono wa mtu anayetaka kukubali. Ndipo mkono mwingine ulipoingia kati.

Ulikuwa laini, wa baridi, kucha zimekatwa sawasawa, bila sugu hata moja. Haukumsalimu. Ulivishika kwanza vidole vinne vya Hammad, ukavibana, ukaviachia. Kisha ukamgeukia Barkhurdar, ukambana kiganja kizima mara mbili, halafu vidole vinne.

Barkhurdar aliinua shuka. Mezani kulikuwa na mikono miwili, wake na wa Hammad. Akaifunika. Ikawa mitatu.

"Huu wa tatu ni wa nani?"

"Wa benki," alisema Hammad. "Huwa upo, ami. Wengi hawaujui kwa sababu hawaweki shuka."

"Wewe unakupa nne."

"Mkono unalilipa duka nne. Mbili tunakupunguzia wewe, mbili zinabaki dukani. Mimi napewa mashati mawili kwa mwaka."

"Na kwangu unataka kumi na nne."

Hammad alisema hizo ni hesabu za wakubwa wa Lahore. Sughran aliuliza kama huo mkono unakunywa chai. Hammad akajibu kwamba chai haunywi, lakini biskuti haukatai, akaisogeza sahani hadi ukingoni mwa shuka. Biskuti moja iliingia chini na haikurudi.

Kwenye meza ya jirani, mwalimu wa hesabu wa shule ya serikali alikuwa anatia sahihi karatasi za gari la kijivu. Bila kuinua kichwa alisema kwamba wa kwake anao katika mfuko wa kizibao tangu alipokopea friji, na kwamba wakati wa joto unapoza kifua vizuri sana. Mke wake hapo mwanzo hakuupenda, sasa anaufulia.

Barkhurdar aliona kwamba kumbe muda wote alikuwa anapatana na mtu asiyehusika. Akamwachia Hammad, akaushika ule mkono peke yake. Walipatana kwa muda wa saa mbili na nusu. Alitumia kila alichokuwa nacho. Alipumua kwa huzuni. Alifungua boneti, akachungulia ndani kama anayemkagua nyati meno, akaifunga akitikisa kichwa. Aliulegeza mkono, akatazama dari. Ilipofika adhuhuri, yeye na Hammad walikwenda kuswali, na mkono ukabaki chini ya shuka ukigonga meza kwa kidole kimoja. Baada ya swala alibeba gunia lake na shuka yake, akaelekea mlangoni na kumwita mkewe kwa sauti. Pale mlangoni akahisi anavutwa pindo la kanzu kutoka ndani ya shuka. Akasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alijua kwamba mkono ule ulikuwa na shida naye kuliko yeye alivyokuwa na shida nao.

Saa nane kasoro robo mkono ulimpa vidole vitatu. Punguzo la laki tatu, gari leo, kianzio laki tisa. Hammad alisema katika miaka sita hajawahi kuuona ukitoa vitatu.

Barkhurdar alimwinamia mkewe. "Sikiliza, mama Tahira. Punguzo lao nachukua. Leo natoa tisa. Jumamosi narudi na gunia, nawatupia kumi na tisa zilizobaki, na mkono wao ukatafute mwingine. Inatubakia moja na nusu ya kumtunza bibi harusi."

"Na mkono ukikataa kuondoka?"

"Nani hapa duniani anakataa pesa?"

Sughran alisema hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, akavaa kiatu.

Barkhurdar alitia sahihi mahali thelathini na mbili. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na Hammad alizifasiri zote kwa maneno matatu, kwamba ni mambo ya kawaida. Sahihi ya mwisho ilipokauka, mkono ulitoka chini ya shuka. Uliishia kwenye pindo la mkono wa shati jeupe lililofungwa kifungo, na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Ulitembea mezani kwa vidole, ukampa Hammad mkono, ukaingia garini wa kwanza, ukakaa juu ya dashibodi.

Alhamisi waliondoka baada ya chai. Barkhurdar aliendesha kwa mwendo wa nyati anayekwenda kunywa maji, na Sughran hakulalamika, kwa kuwa alitaka kuonekana katika kila kijiji. Gunia lilikuwa miguuni pake, juu ya zulia la zawadi. Kwenye daraja la Sulemanki polisi aliwasimamisha, akachungulia, akauona mkono kwenye dashibodi, akawapisha bila kuuliza karatasi. Gari lenye mkono huwa na karatasi zote.

Allahyar alikuwa amelala uani juu ya kitanda cha kamba, akiwasimamia wapishi kwa fimbo. Alipomwona anayeshuka, aliinuka haraka kuliko alivyoruhusiwa. Kaka na dada walisimama wakitazamana.

"Umenenepa," alisema Allahyar.

"Wewe umekauka," alisema Sughran. "Hawakupi chakula hawa?"

Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, na wanawake wote wa ua ule wakaanza kutafuta vijiko ambavyo havikuwa vimepotea.

Baadaye Allahyar alilizunguka gari mara mbili. Aligonga mlango, akasikiliza mlio wake, akakubali. Aliingia mbele, upande wa dereva, na alipouona mkono aliusogeza pembeni kwa mgongo wa vidole, kama mtu anavyosogeza kofia ya mgeni.

"Wa miaka mingapi?" aliuliza.

"Karatasi inasema mitano," alisema Barkhurdar. "Lakini Jumamosi naumaliza." Akamweleza shemeji yake hila yote, tangu shuka hadi vidole vitatu. Allahyar alisikiliza kwa heshima kubwa. Ilipoisha alicheka mpaka mkwe wake mmoja akaja na vidonge.

"Shemeji, usingoje Jumamosi. Jaribu hapahapa. Upe bunda moja tu."

Barkhurdar alitoa bunda kwenye gunia, akaliweka kwenye kiganja cha ule mkono. Mkono ukafumba ngumi. Bunda likaanguka. Alijaribu kuifungua ile ngumi, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu zilezile alizotumia miaka thelathini na minane kufungua midomo ya nyati wagonjwa. Haikufunguka.

"Ukurasa wa kumi na moja wa karatasi zako," alisema Allahyar. "Haupokei kabla ya siku yake. Ukiulazimisha, unapokea yote kwa pamoja, na kodi ya miezi ambayo haijafika. Zile kumi na nne zako hazipungui hata moja. Wangu ulikuja na trekta. Wa miaka saba. Trekta lilikufa mwaka wa tatu, mkono uko zizini mpaka leo, unakula vizuri."

Barkhurdar aliuliza kama hakuna wakili. Allahyar alisema yupo binamu yao Bahawalnagar, wakili mzuri, lakini yeye mwenyewe anayo miwili ya benki na inamsaidia kuandika.

Barkhurdar alihesabu kwa vidole vyake. Alihesabu tena, bila shuka, mchana kweupe, na jibu likawa lilelile. Nyati kumi na mmoja walikuwa wamegeuka gari, na lilikuwa limebaki gunia ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulipokea. Alifungua mdomo aseme jambo kuhusu Hammad.

Kutoka jikoni alimsikia mkewe. Alikuwa anawaagiza wake za wapwa zake wazidishe tangawizi, waondoe sufuria ile, nani aliwafundisha kukata vitunguu hivi, na wale wanawake, ambao wengine walikuwa hawajamwona tangu kuzaliwa kwao, walikuwa wanaitika, "Ndiyo, shangazi." Sauti yake ilikuwa changa. Barkhurdar alifunga mdomo, akafunga na mlango wa gari, wakaenda kula.

Walikaa siku nne badala ya moja. Huko Okara, Jumamosi, Hammad alikuwa anamwambia mwenye gunia mwingine kwamba kwa taslimu hakuna punguzo.

Siku ya kurudi nyumbani, tarehe mosi, saa tatu kamili asubuhi, mabenki yanapofunguliwa, ngumi ilifunguka. Mkono ulilala kiganja juu kwenye dashibodi, ukingoja. Sughran alikuwa amesimama kando ya gari na kapu la maembe ya kaka yake. Barkhurdar aliweka pesa za mwezi. Mkono ukazihesabu kwa kidole gumba, upesi, bila kukosea, ukazitia ndani ya pindo la shati. Kisha, kwa kuwa haukuwa na uadui na mtu, ukamfungulia Sughran mlango wa mbele.

"Ahsante," alisema Sughran, akaingia, na Barkhurdar akawasha gari.