Picha ya Kabla na Picha ya Baada

Wateja wake walimwita Pindo, kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kukunja pindo za nguo bila uzi kuonekana. Lakini mashavu yake mwenyewe yalikuwa na makovu ya chunusi. Hayakuwa madoa ya kupita. Vilikuwa vishimo hasa, vilivyoingia wakati wa usichana wake na vikagoma kutoka. Mumewe, mpiga picha ambaye mtaa mzima ulimwita Fleshi, alikuwa na jibu moja tu kuhusu habari hiyo. Kila akimkuta mkewe mbele ya kioo alimwambia, "Mimi siyaoni." Kwa miaka tisa alimwambia hivyo, na kwa miaka tisa Pindo alimwamini.

Tatizo ni kwamba kioo kilikuwa kinayaona. Mwaka huu Pindo akaamua kutafuta tiba, akaanzia hospitali, kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mkavu asiyejua kubembeleza mtu. Alimwinua kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Tutakuchoma kwa vijisindano, mara sita, mwezi kwa mwezi," alisema. "Ngozi itajijenga taratibu. Hayataisha, mama. Yatapungua, labda nusu. Na kabla hatujaanza niletee picha ya uso wako, taa iwe ubavuni, vishimo vyote vionekane. Tupate cha kulinganishia."

Pindo alitoka pale amekunja uso. Miezi sita ya sindano, halafu nusu? Na hiyo picha ndiyo kabisa. Atamwombaje mtu asiyeyaona makovu ayamulike kwa taa?

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amefunga cherehani yake na kuja kwenye kliniki ya urembo, ile yenye sakafu inayong'aa hadi mtu unaogopa kukanyaga. Dada wa mapokezi, mwenye uso laini na maneno laini zaidi, alimketisha kwenye kiti kilichommeza nusu mwili.

"Hospitali wamekwambia vijisindano, sivyo?" alisema, akitabasamu kwa huruma. "Sisi, dada yangu, tuna dawa ya kuchubua, lakini hiyo ni ya wenye madoa. Wewe ni wa leza. Mara mbili tu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Tena usinisikilize mimi. Jionee mwenyewe."

Akamsogezea albamu nene. Kila ukurasa ulikuwa na picha mbili za mtu mmoja, kushoto kabla ya tiba na kulia baada ya tiba, macho yamefunikwa kwa mstari mweusi. Pindo alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukamsimamisha. Mwanamke wa kushoto alikuwa na vishimo kama vyake kabisa, hata lile fungu la karibu na mdomo. Pindo akamwonea huruma. Kisha akamtazama wa kulia, shavu limenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na huruma ikageuka wivu. Kama huyu mwenzake amepona, yeye ana kasoro gani? Akaivuta fomu ya tiba iliyokuwa mezani, akaweka alama kwenye leza, akaanza kuandika jina lake.

Jina halikuisha. Pindo ni mtu ambaye hata msibani hutazama mishono ya watu, na macho yake yalikuwa yamerudi kwenye picha, yakashuka kwenye kola. Blauzi ya buluu. Vifungo vyeusi, isipokuwa cha tatu, ambacho kilikuwa cha kahawia. Kifungo hicho alikitoa kwenye koti kuukuu la Fleshi, akakishona kwa mkono wake. Blauzi kama hiyo ilikuwa moja duniani, na wakati huo ilikuwa imetundikwa nyumbani nyuma ya mlango.

Akatazama picha ya kulia. Kifungo kilekile. Nywele zilezile zilizochomoza juu ya sikio. Hata ncha ya uzi iliyoning'inia kwenye kola ilikuwa palepale, haijakatwa. Leza mara mbili, na uzi haujasogea.

"Huyu mlimtibu lini?" aliuliza. Sauti ilitoka kama si yake.

"Huyu? Mwaka jana. Alilia kwa furaha, hapohapo ulipokaa."

"Mimi sikulia," alisema Pindo.

Akaiinua albamu kando ya shavu lake, akalaza vidole viwili juu ya macho yake. Dada wa mapokezi alitazama picha, akamtazama yeye, akairudisha fomu upande wake. Pindo akauchomoa ukurasa wa nne, akaenda zake. Hakuna aliyemzuia.

Njiani alikumbuka siku ya picha ile. Ilikuwa ya kitambulisho, miezi mitatu tu iliyopita. Fleshi alikuwa ameihamisha taa akaiweka ubavuni. Pindo alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba hivyo uso unapendeza. Na yeye akatabasamu, amevikwa kilemba cha ukoka na asijue.

Fleshi alikuwa peke yake studio, mbele ya kompyuta. Pindo aliuweka ukurasa juu ya meza. Mwanamume aliutazama, akaishiwa rangi.

"Nani aliwapa?" aliuliza Pindo.

"Mimi," alisema Fleshi taratibu. "Walikuwa wanatafuta picha za namna hiyo. Niliyafunika macho, Pindo. Sikujua kama utakwenda."

"Na hii ya pili?"

"Niliisafisha kwenye kompyuta."

"Kwa muda gani?"

"Siku mbili. Inabidi ufute kimoja kimoja. Ukiharakisha, mtu anagundua."

"Viko vingapi?"

"Arobaini na saba," alijibu Fleshi papo hapo, kama fundi aliyeulizwa habari za kazi yake. "Ishirini na sita kulia, ishirini na moja—"

Hapo akasikia alichokuwa akisema.

Pindo mwenyewe hakuwahi kuvihesabu. Uongo wa kliniki angeweza kuuzoea, ni watu wa biashara. Lakini yale maneno mawili, "Mimi siyaoni," alikuwa ameyalalia na kuamka nayo miaka tisa, na sasa yalimuuma kuliko vishimo vyote arobaini na saba.

Hakupiga kelele. Alivuta stuli ya wateja, akakaa mbele ya kamera, akafuta machozi kwa kiganja.

"Nipige picha," alisema. "Daktari wa hospitali anaitaka kabla ya kuanza vijisindano. Weka taa ulipoiweka siku ile, na usifute hata kimoja."

Fleshi aliinuka, akaisogeza taa ubavuni mwake bila kuuliza ubavu upi.