Faili la Pili

Kazi zao zote zilikaa kwenye faili moja la maandishi matupu, kazi.txt, lisilo na rangi wala madoido. Kila mstari ulianza na jina la utani la mwenye kazi, na kazi ikiisha, mwenyewe, na mwenyewe tu, alitia x mbele. Walikuwa watatu: Mchoraji wa vitabu vya watoto, mpanga kurasa waliyemwita Kurasa, na Wino, msahihishaji. Tangu ofisi ifungwe kila mmoja alifanyia kazi nyumbani kwake, na faili hilo ndilo lililokuwa baraza lao.

Sheria aliitunga Wino mwenyewe, simu zilipomchosha: hakuna kupigiana, kila jambo liandikwe. Katika hilo alikuwa mkali kama pilipili. Mchoraji alipompigia siku moja kumfikishia salamu za mama yake mzazi, aliyempenda Wino kama mwanawe, jibu lilikuwa, "Ziandike." Zikaandikwa kweli: "Mama anamsalimu mwanawe Wino."

Sasa ilikuwa wiki ya sita hakuna aliyeandika neno. Wino alisahihisha sura baada ya sura, akatia x zake, akaacha na vichekesho humo ili wenzake wacheke. Kimya. Akaandika, "Jamani, mpo?" Kimya kile kile. Akanuna. Akawa anakula amesimama jikoni, maana kuandaa meza kwa mtu mmoja kulimtia uchungu. Wamenitenga, alijiambia, na hata kuniambia hawathubutu. Kuwapigia simu yeye? Thubutu!

Jumatatu alikata shauri. Akaandika, "Wino: naacha kazi." Kabla ya kuondoka akataka asafishe folda, asije akasemwa. Chini ya kazi.txt palikuwa na kazi-2.txt, aliloliona kila siku akalipuuza kama takataka. Lilizaliwa siku yeye na Mchoraji walipohifadhi kwa wakati mmoja. Kompyuta ikashindwa kuchagua, ikaweka nakala mbili. Alikaribia kulifuta, lakini kufuta asichokisoma hakukuwa tabia yake. Akalifungua.

Wenzake wote walikuwa wamehamia humo.

"Kurasa: Wino, mbona kimya?"

"Mchoraji: Wino, mama mgonjwa. Anakuulizia."

"Mchoraji: Mama ametutoka. Mazishi Jumamosi, saa nane. Njoo, tafadhali."

"Mchoraji: Kumbe hata kuja hukuja."

"Wino: kumpa Mchoraji pole."

Huo wa mwisho ni kazi aliyoandikiwa na Kurasa wiki tatu nyuma. Haukuwa na x.

Wino alijishika kichwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kisha akachukua simu, akavunja sheria yake.

"Nimesoma leo," Wino alisema, mara Mchoraji alipopokea. "Leo hii. Nilikuwa naandika kwenye faili lile la zamani, mdogo wangu. Sikujua. Pole. Pole sana."



"Nilitaka kukupigia," alisema Mchoraji. "Simu nilishaishika. Mama akanizuia. Akasema, mwandikie, mwanangu yule hapendi kupigiwa."

Walipoagana, Wino alirudi kwenye mstari ule. Kazi ilikuwa yake, na pole alikwishatoa. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka chai yake ikapoa, na ile x hakuitia.