Maharagwe ya Awuor

Mvua ndefu ya mwaka wa themanini na tano ilipoanza, Perez aliamka akamkuta bintiye Awuor, mtoto wa miaka sita, nyuma ya nyumba yao ya kupanga kule Migosi, matope hadi magotini. Alikuwa amepanda maharagwe mstari mzima, peke yake.

"Mama, njoo uone! Nimekuanzia!"

Wajaluo wanajua: mtoto hamtangulii mamake kutia mbegu ardhini. Perez alishikwa na hofu. Akavichapa vile vidole vidogo, akafukua maharagwe yote. "Unataka kutuletea chira, mkosi utumalize? Ingia ndani usome! Usikanyage hapa tena."

Awuor akatii. Akina mama, hapo ndipo penye hatari: alitii kabisa.

Miaka ikaenda. Awuor akawa msichana wa sekondari ya bweni, mpole, anapita mitihani, mdomo umefungwa. Ukimuuliza shule: "Iko sawa." Marafiki: "Wapo."

Ng'ambo ya ua, jirani yao Jentrix alikuwa akipalilia mboga za sukuma wiki na bintiye Nabwire, wakicheka pamoja kutwa. Yule mtoto, mikono ikishaingia udongoni, anamwaga yote: nani kamtukana, mwalimu gani anamtisha, mvulana gani anamfuata njiani. Msidhani mtoto anachafuka bure shambani. Pale hatazamwi machoni, basi anasema.

"Mama Awuor," Jentrix akamtania, "shamba lako limenyamaza hivyo, mnafanya mtihani?"

Perez alicheka tu. Alitamani asikie hata umbea tu, mradi uwe kwa sauti ya mtoto wake.

Siku ya mwisho ya likizo akamwita. "Awuor, nyara, binti yangu, njoo tupande miche."

Awuor akaja. Akasimama pembeni, mikono nyuma, mpaka mamake alipopanda mche wa kwanza. Ndipo akainama. Perez akapanda polepole makusudi, akiuliza hili na lile.

"Ndiyo, Mama."

"Hapana, Mama."

Mstari ukaisha. Awuor akanawa mikono. "Kuna kazi nyingine, Mama?"

Perez alitaka kumwambia kaa tu hapa, hata usiposhika jembe. Lakini akakung'uta udongo kwenye jembe.

"Hapana. Asante."

Msichana akaingia ndani kufunga sanduku lake.