Doa kwenye Jani la Mzabibu

Doa lilikuwa dogo, la ukubwa wa kifungo cha shati, na kama lingekaa kwenye kanga ya mtu nisingepoteza muda kulizungumzia. Lakini lilikaa kwenye kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, kilichodariziwa kwa mkono na sisi kina mama wa kanisa hapa Chapwa, na Jumapili askofu alikuwa anakuja kuzindua kanisa jipya. Tulikianza tangu mavuno ya mahindi: msalaba katikati, ngano pembeni, na zabibu ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona zikining'inia popote. Kilibaki kishada kimoja tu.

Kitambaa hicho kilikuwa kinazunguka. Kila mama alikaa nacho nyumbani, akadarizi sehemu yake, kisha akakirudisha. Mwenyekiti wetu, Marita, ambaye anauza mchele mpakani na amezoea kusikika juu ya ngurumo za malori, alikuwa ameweka sheria: hakuna kurudisha kitambaa kichafu. Unakifua kwa maji ya moto, unakitia wanga, unakipiga pasi ya mkaa mpaka kinasimama chenyewe. Kwa vumbi la Tunduma ni sheria nzuri. Kwa damu ni balaa, maana damu ukiitia moto inashika kama yai kwenye sufuria. Mtu alijichoma sindano, akatii sheria ya Marita, na doa likaiva.

"Nani?" Marita aliuliza Alhamisi tulipokutana kanisani.

Doa lilikuwa kwenye jani, lakini kujua nani alidarizi jani lile hakukusaidia kitu. Kitambaa hukunjwa, na kidole kinachovuja upande huu huacha alama upande ule.

Restuta akashauri tununue dawa ya kung'arishia nguo. Nikamwambia akaijaribu kwanza kwenye gauni lake la harusi. Dawa ile ingetoa doa, na jani, na zabibu zake. Nikakichukua kitambaa, nikakilaza kwenye beseni la maji baridi na chumvi ya Ivuna, ile ya mabonge, nikawafukuza wote waliotaka kukisugua.

Ijumaa tulipokitoa kwenye beseni, doa lilikuwa limefifia, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Lingepata siku moja zaidi lingetoka lenyewe bila kumsumbua mtu. Marita hakutaka litoke bila kumsumbua mtu.

"Marehemu mama yangu alikuwa mdarizi," alisema. "Damu ya sindano inatolewa na mate ya mwenye damu. Ya mwingine hayasaidii. Kwa hiyo leo tutatema wote. Mate yatakayolitoa ndiyo ya mwenye kosa, na huyo ataweka sindano chini. Hashiki tena kazi ya kanisa."

"Mwenyekiti, doa limeshalegea," nikamwambia. "Sasa hivi hata mate ya mbuzi yatalitoa."

"Mama Rubeni, nyamaza."

Nilimkasirikia kwa sababu ya Bibi Tulinagwe, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono kati ya magoti. Bibi huyu ni mjane, na watoto wake wote wanaishi ng'ambo, Zambia, wanakuja Krismasi ikiwapendeza. Siku za kudarizi ndizo siku anazosikia mtu akimwita kwa jina. Jani lile lilikuwa lake, na mishono yake ya karibuni ilikuwa inapotea njia. Ukimnyang'anya sindano, umemfungia ndani na kuku wake.

Basi wanawake wazima, washirika wa kanisa, wakapanga mstari kutemea mate kitambaa cha meza ya Bwana. Grace, aliyeolewa juzijuzi, alikaukiwa mdomo kwa hofu, ikabidi anywe maji kwanza. Restuta alitema kama anayelaani shamba la jirani. Kila mmoja akimaliza, Marita alibonyeza doa kwa kitambaa kingine safi, akatazama, akaita, "Mwingine!"

Ikafika zamu ya Bibi Tulinagwe. Aliinama polepole, akatema kwa adabu kabisa, kwenye ngano. Doa lilikuwa mbali, urefu wa kiganja.

"Umekosea, bibi," alisema Marita. "Doa liko huku."

"Wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

Bibi aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Akageuza kichwa huku na huku, akaanza kupapasa kwa kidole. Hakuwa ameficha lolote. Hakuliona alipojichoma, hakuliona alipolipiga pasi, na hata sasa alikuwa halioni.

Marita ana kelele, lakini si mjinga. Alimtazama bibi anavyopapasa, akamshika mkono taratibu, akamsogeza pembeni. Kisha akainama yeye mwenyewe, akatema, akabonyeza kwa nguvu zake zote za kubeba magunia. Alipokiinua, kitambaa kile safi kilikuwa na alama ya kahawia, na jani lilikuwa jani tu.

"Ni mimi," alisema.

"Mayo!" Restuta akashika kichwa.

Marita alichomoa sindano yake kwenye mto wa sindano, akaiweka juu ya meza. "Sheria nimeweka mwenyewe. Nimeacha."

"Marita, usinidanganye kanisani," alisema Bibi Tulinagwe. "Jani ni langu. Nami macho yangu nayajua."

"Mate yameshasema, bibi."

"Yameongopa." Bibi alivuta pumzi. "Lakini kama umeacha sindano, mwanangu, macho bado unayo. Njoo ukae hapa uniambie rangi."

Hivyo kishada cha mwisho kilidariziwa Jumamosi, kitambaa kikiwa kimekauka kivulini bila pasi. Bibi alifuata mshono kwa ncha ya kidole, na Marita alikaa ubavuni kwake, anamtungia uzi na kumpa. Kwa kuwa Marita hajui kunong'ona, barabara nzima ilisikia. "Zambarau, bibi! Hiyo ni nyeusi, rudisha! Zambarau ni hii, shika!"

Bibi alikosea tena, na tena, na Marita akapayuka tena. Safari nyingine alipokosea, nilikuwa nimekaa mbele yao, nikaona vizuri. Bibi Tulinagwe alikuwa na uzi wa zambarau mkononi, ule ule aliopewa. Akaulaza pajani bila haraka, akapapasa akachukua mweusi, akauinua juu na kusubiri.

"Na huu, Marita?" akauliza.