Kasha la Cherehani

Gari la farasi lililowapeleka Wajerumani wa kijiji kwenye treni ya kuwahamisha kwa nguvu lilikuwa limeshapita kisima Ottilie alipogeuka akamwona Walenty akitoka ghalani, sepetu begani. Hakuelekea shambani. Alipinda nyuma ya nyumba.

Ottilie akaruka. Magoti yakagonga mawe, furushi lake likabaki garini katikati ya vikongwe waliofungwa vitambaa vyeupe mikononi, alama ya Mjerumani, naye akakimbia kurudi kwenye nyumba aliyoolewa. Tangu mwaka jana, vita vilipoisha, ilikuwa ya Walenty na mkewe Genowefa, watu waliofukuzwa kwao mashariki wakaletwa hapa kwa treni pamoja na ng'ombe wao. Majira yote ya baridi walipikia jiko moja, Wapolandi wawili na Mjerumani mmoja, wakanuniana, wakazoeana. Kipolandi chake Ottilie alikiokota hapo, wakimenya viazi.

"Walenty! Pale usichimbe, kaka yangu, nakuomba!"

"Sasa ndiyo nimejua nimepata penyewe." Walenty akakanyaga sepetu. "Kila jioni unasimama hapa unaanika nguo ambazo hazipo. Unadhani mimi kipofu?"

"Ni mtoto wangu. Irma. Alikuwa na miezi minne."

"Loo! Wajerumani wote wa kijiji hiki mmezika watoto bustanini. Wa jirani hapo, mwenzetu Stach kamfukua, kumbe vijiko vya fedha na saa ya ukutani. Mtoto mzuri huyo, hata saa anapiga."

Genowefa alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Makaburi yenu si yako kanisani? Mbona hukumpeleka?"

"Wanajeshi walijaa barabarani, dada. Sikuthubutu kutoka. Mbao hakuna, seremala hakuna." Ottilie alitazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Vilikuwa vimewashonea watu wa pale magauni ya harusi, na sanda pia. "Cherehani walishaichukua. Likabaki kasha lake. Nikamlaza humo."

Hapohapo akajua amekosea.

Walenty aliinua kichwa. "Kasha la cherehani," alisema polepole. "Gena, umesikia? Mwaka mzima tunaambiwa wanajeshi wamechukua, kumbe iko kwenye kasha lake, imelala."

Siku hizo cherehani ilikuwa na thamani sawa na ng'ombe. Genowefa alitazama udongo, hakumtazama Ottilie.

"Gena, na wewe mtoto wako ulimzika kando ya reli," alisema Ottilie. " Uliniambia mwenyewe."

Genowefa alipangusa unga kwenye aproni. Akapangusa tena.

Askari wa mgambo alifika akihema, akamshika Ottilie kiwiko. "Twende, mama. Treni haikungoji wewe."

Ottilie alijivuta, akajivuta, kisha akaacha. Sauti ilimtoka ya kawaida kabisa, kama anayemwelekeza mteja namna ya kufua kitambaa. "Basi ukimfukua, mrudishe. Kichwa kiwe upande wa ukuta. Uso usiufunue, nimeushonea kitambaa. Na udongo ushindilie, kuna mbweha."

"Nirudishe nini, cherehani?" alisema Walenty, lakini hakucheka.

Alichimba kabla gari halijavuka daraja. Sepetu ilipogonga mbao, Genowefa aliingia ndani. Walenty alilifungua kasha, akalifunga, akalifukia, kichwa upande wa ukuta, akashindilia. Kwa majirani alisema amekuta mawe tu, wakamcheka miaka na miaka. Alikufa 1971 kwa mapafu.

Ottilie alifika magharibi, Ujerumani, akashona magunia katika kambi ya wakimbizi, akafa majira ya baridi ya pili. Hakuna aliyemwandikia, anwani yake hawakuwa nayo. Genowefa alishona kwa mkono hadi macho yakaisha, na kile kipande cha nyuma ya nyumba hakuruhusu kipandwe viazi. Ng'ombe ndiye aliyefungwa pale. Mawe ya makaburi ya Kijerumani yaliishia kutandikwa barabarani. Kijiji kilipewa jina jingine.

Siku hizi nyumba wameinunua watu wa mjini. Nyuma, karibu na ukuta, wameweka bembea ya watoto, maana ndipo penye majani laini kuliko kwingine kote.