Mashine Si ya Kuchezea

Mwaka wa pili huo, na Bi Maswali alikuwa hajawahi kuigusa mashine. Jina hilo walimbandika wenzake katika kituo cha utafiti cha chuo kwa sababu ya mdomo wake, naye hakulikataa. Mashine yenyewe, ya kunakili vinasaba, ilikaa juu ya meza ya maabara imefunikwa nailoni, na ufunguo wa chumba alikuwa nao Daktari, msimamizi wao. "Si ya kuchezea hiyo," ndilo lilikuwa jibu lake kila siku. Kuchezea! Watu wazima wanaosomea bayoteknolojia, wacheze nini?

Bila matokeo ya sampuli zake mwenyewe kutoka kwenye mashine hiyo kufikia mwisho wa mwezi, hahitimu. Majani yake ya mihogo yenye ugonjwa yalikuwa kwenye jokofu tangu mwezi wa tatu. Shangazi yake, aliyemlea, alishachoka kuuliza. "Mwanangu, hivi huko mnafundishwa au mnalinda vyombo?" Sasa hapo mtu utajibu nini?

Jumanne wakaja wageni, wale wanaokifadhili kituo. Kabla hawajafika, Daktari akagawa makoti meupe, akamimina maji kwenye vichupa, akatia tone la rangi ya keki katika kila kimoja. "Shikeni pipeti, inameni kidogo, msiongee." Nailoni ikavuliwa, mashine ikapanguswa vumbi. Bi Maswali damu ilimchemka. Pipeti, kibomba cha kunyonyea matone, aliishika, akainama kama walivyoambiwa.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akasimama kando yake. "Unafanya nini hapo, binti?"

Daktari akadakia, "Anaandaa sampuli za..."

"Namuuliza yeye."

Jamani, kuna siku mtu anachoka. "Naigiza, mama," akasema. "Humu mna maji na rangi ya keki. Mashine ile sijawahi kuigusa. Tuko kumi na wawili, hakuna aliyeigusa."

Daktari akacheka kicheko kikavu. "Huyu ana utani sana." Yule mama hakucheka. Akaiendea mashine mwenyewe, akafungua kifuniko. Ndani, sponji ya kiwandani ilikuwa bado imebanwa palepale.

Wageni walipoondoka, Daktari akafunga mlango. "Umenivua nguo mbele za watu! Nimekukosea nini mimi?"

"Umenikosea miaka miwili!" Sasa alikuwa anapiga kelele, wala hakujali nani anasikia. "Zimebaki siku tisa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho. Leo niwashie hii mashine, unionyeshe!"

Daktari akasogea mezani. Mkono wake ukapapasa ubavu wa mashine, ukaenda nyuma, ukarudi mbele, ukakwama.

"Sijui inapowashwa," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ya uzinduzi fundi alikuja kunifundisha, mimi nikawa nahangaika na wapiga picha. Alipoondoka nikaona aibu kuuliza."

Bi Maswali alidhani atamhurumia. Wapi! Hasira ilizidi.

"Aibu yako wewe mmoja," akasema, "imekula miaka ya watu kumi na wawili."

Akavuta droo moja baada ya nyingine mpaka akakiona kitabu cha maelekezo, kurasa zake bado zimeshikana. Akakibwaga mbele ya Daktari, akamvutia kiti.

"Kaa. Soma kwa sauti, mimi nabonyeza."

Daktari akavaa miwani yake, akakaa, akaanza ukurasa wa kwanza.