Pole ya Mkalimani

"Mguu wangu ulikuwa mzima kabisa," mkalimani alisema kwa lugha ya daktari, naye miguu yake yote miwili ilikuwa mizima, imevikwa soksi nzito chini ya meza. "Kidole ndicho kilichoanza. Nikakipuuza."

Ndiyo kazi yake. Mgonjwa akisema mimi, naye anasema mimi. Kutwa nzima, katika chumba cha kupanga kwenye mji mdogo wa ugenini, huvaa hedifoni, hupokea simu za hospitali na kuwa watu wengine: asubuhi mjamzito, mchana dereva aliyevunjika mbavu, jioni babu asiyesikia vizuri na anayedhani kila mtu ndiye kiziwi. Daktari na mgonjwa wako nchi moja, kampuni iko nyingine, yeye yuko ya tatu. Majirani wanamwona hatoki, hana sare, hana bosi. Mwenye nyumba alimhurumia akamletea habari kwamba dukani wanatafuta mfagiaji. Alimshukuru. Angemweleza vipi?

Aliyemwelewa ni fundi viatu wa ghorofa ya chini, na huyo naye kwa ishara tu. Nyundo yake ilikuwa ikipenya sakafu mpaka kwenye simu za hospitali, basi wakapatana: kitambaa chekundu kikining'inia dirishani, fundi anaweka nyundo chini na kupaka gundi. Kikiondolewa, anagonga atakavyo. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo, isipokuwa salamu na kitambaa hicho.

Siku hiyo kitambaa kilikuwa nje, na roho ya mkalimani ilikuwa juujuu. Mwezi uliotangulia, msimamizi wa kampuni anayesikiliza simu zilizorekodiwa alimpigia.

"Hapa kuna mama aliyeharibikiwa na mimba. Umemwambia 'pole sana mama.' Daktari hakusema pole. Hiyo ilitoka wapi?"

"Ilinitoka tu."

Na kweli, nani aliyelelewa akaleleka atasikia msiba wa mwenzake akanyamaza kama gogo?

"Wewe ni mfereji, dada. Maji yanapita, mfereji haunywi. Ukiongeza neno tena, tunaachana."

Na wakiachana, kibali cha kuishi katika mji huo kinaondoka na kazi. Hilo msimamizi hakuwa na haja ya kulisema.

Sasa daktari alikuwa akimweleza bibi wa watu, yule wa kidole, kwamba sukari imeula mguu. Ukikatwa leo chini ya goti, ataishi. Wakingoja, sumu itapanda. Mkalimani aliyapitisha yote, hakupunguza wala hakuongeza. Pole ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nikatwe mguu?" bibi akasema. "Na huyo daktari ananiambia hivihivi, kama mtu anayesema duka limefungwa?"

Mkalimani akatafsiri, pamoja na duka lake. Daktari akakohoa, akasema ana wagonjwa wengine wanaomngoja. Bibi anakubali au hakubali?

"Mwanangu," bibi akaita. "Wewe. Siyo yeye."

"Mwanangu. Wewe. Siyo yeye," mkalimani akapitisha.

"Anasema na nani?" daktari akauliza.

"Mgonjwa anazungumza na mkalimani," akajibu mkalimani, maana sheria inamtaka ajitaje hivyo, kama jirani ambaye hayupo.

"Wanangu wako mbali na simu hawashiki," bibi akaendelea. "Ninayemsikia ni wewe. Ningekuwa mimi ndiye mama yako, ungeniambia nikubali? Nisipokusikia wewe, sikubali kitu."

Hilo nalo akalitafsiri. Daktari alishusha pumzi, akamwambia mtu aliyekuwa pembeni yake, "Andika mgonjwa amekataa."

Kila kinachosemwa hutafsiriwa. Mkalimani alifungua kinywa aseme "andika mgonjwa amekataa," na maneno hayakutoka. Yakatoka mengine.

"Mama, pole. Pole sana. Ungekuwa mama yangu ningelia mpaka nikauke, lakini ningekuambia ukubali. Uende mguu, ubaki wewe."

Kisha akarudi kwenye lugha ya daktari, bila kuficha. "Mkalimani amempa mgonjwa pole. Amemshauri akubali. Hayo ni maneno ya mkalimani mwenyewe."

Bibi alilia kwa muda, na daktari, tumpe haki yake, alingoja.

"Haya," bibi akasema. "Mwambie akate. Na wewe pole, mwanangu. Kazi gani hii ya kubeba maradhi ya watu!"

Mkalimani akatafsiri mpaka neno la mwisho. Sauti ilimkatika mara moja tu.

Simu nyingine haikuingia. Kwenye skrini kulikuja ujumbe: amesimamishwa, angoje kuitwa na msimamizi. Aliogopa, tusidanganyane. Alijipekua apate na majuto, wapi!

Simu yake mwenyewe ikalia. Ni mama yake, ambaye hupiga kila mchana na kila mchana humkosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Makubwa, leo umepokea! Unaongea na ulimwengu mzima, mimi mamako ndiye wa kupewa makombo. Mbona sauti nzito hivyo? Kuna nini?"

Alisimama akaenda dirishani apate hewa. Kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia. Chini, fundi alikuwa amekaa mlangoni pake na nyundo mapajani, viatu vyote vimeshapakwa gundi, vimepangwa mstari vikingoja misumari. Aliinua uso, akauliza kwa nyusi.

Mkalimani akakifungua kitambaa, akakivuta ndani. Nyundo ikaanza.

"Nani huyo anayegonga?" mama akauliza.

"Fundi viatu wa chini. Anafanya kazi yake."

"Aa. Na wewe?"

Akakaa kwenye kizingiti cha dirisha, akikunja kitambaa, akikikunjua.

"Mimi," akasema, na neno lenyewe likamwia geni. Akaanza upya. "Mimi, mama..."